Mgongo wa Mkono wa Fundi

Fundi alikuwa na mdomo mbaya kuliko wangu, na mimi nimetolewa nje ya darasa mara nyingi tu kwa sababu ya mdomo. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani naandika habari za mzee mpole aliyekuwa akigawa busara. Mpole alikuwa jirani yetu mwingine, na huyo hana hadithi. Fundi alikuwa wa breki. Angekubali kukuangalizia kitu kingine kwenye gari, lakini angekununia kazi nzima, kama mpishi wa pilau aliyeambiwa achemshe mayai.

Kazi yake ilianzia kwenye mgongo wa mkono. Gari likija na malalamiko hakufungua boneti wala hakuuliza mengi. Alimtuma mwenye gari azunguke mtaa wa Olympic wote, kisha arudi polepole, na akikaribia aliache gari lisimame lenyewe bila kukanyaga breki. Likisimama, Fundi anainama kwenye gurudumu la mbele, anageuza mkono, anaupitisha karibu na rimu bila kugusa, halafu anagusa kidogo tu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Anazunguka, anafanya vilevile upande wa pili. Gurudumu ambalo breki yake haiachilii huwa moto. Lenzake huwa vuguvugu. Yeye aliweza kukuambia tofauti ambayo wewe ukigusa unaona yote ni sawa.

Nilimuuliza kwa nini asitumie kiganja kama watu wengine.

"Kiganja cha fundi ni kiatu," akasema. "Kimekanyaga kila kitu. Lakini huku nyuma bado ni ngozi ya mtoto. Hii haijui uongo."

Aliamini hivyo, na sisi tukaamini. Sukari ilipomuingia mwilini, ngozi hiyo ya mtoto ndiyo iliyoanza kumdanganya, na alikuwa wa mwisho kujua. Au alijua, akanyamaza. Mpaka leo mimi na Mama tunabishana.

Mama anauza chapati na madondo, yaani maharagwe, kando ya barabara hapo Olympic, na Fundi alikuwa na nafasi yake pembeni, chini ya mabati hayohayo. Moshi wa Mama ulimuingia yeye machoni, na mafuta yake machafu yaliwakuta wateja wa Mama kwenye viatu. Waligombana kila siku na hakuna aliyehama. Jioni sote tulishuka mtaa wa Mashimoni kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga, mlango wa Fundi ukitazama wetu. Gari haliingii Mashimoni hata liwe na breki za malaika, kwa hivyo fundi wa breki alilala mahali pasipo na hata gurudumu moja, ukitoa ya mikokoteni ya maji.

Mimi nilikuwa nikifika hapo kwenye jiko la Mama nikitoka shule, na Jumamosi yote. Kazi yangu rasmi ilikuwa kuosha sahani. Kazi yangu halisi ilikuwa kuongea.

"Mama," Fundi alimwambia siku moja, bado tunajuana kidogo, "hii redio yako haina kitufe cha kuzima?"

Basi. Nikawa Redio, na kwa vile huku kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto, mama yangu akawa Mama Redio. Wateja wakachukua, ploti ikachukua, hata Pasta akimuombea kanisani alisema "Mama Redio", na inaonekana Mungu alielewa ni nani.

Sikukubali kupigwa bila kurudisha. Mara ya kwanza nilipomsikia akiagiza "pedi" tu, bila kusema ni za breki, mbele ya wanaume wazima, nilikaa chini kwa kicheko.

"Pedi za wapi, Fundi?"

"Za mbele."

Mama alinifukuza na mwiko. Fundi hakuelewa mpaka kesho yake, na alipoelewa alikuja mpaka kwenye karai la unga akiwa na uso wa hakimu, akasema, "Redio, toka leo zinaitwa vile vibao vya kubana." Ikawa hivyo. Alifanya kazi hiyo miaka yote na akaibadilishia kifaa jina kwa ajili ya mtoto mmoja asiye na adabu. Wateja walikuwa wanachanganyikiwa.

Akiniona mapema siku ya shule alikuwa ananingoja.

"Leo umefukuzwa ama mmefunga?"

"Tumefunga. Nimewamaliza."

"Wamekumaliza wewe. Umekonda kama spoku."

"Spoku inabeba baiskeli, Fundi. Wewe unabeba nini, tumbo?"

"Nabeba mama yako na kelele yako. Enda uoshe sahani."

Alitoka Magharibi mwa nchi, na alikuwa na imani mbili: kwamba kuku wa Nairobi si kuku, na kwamba sisi watu wa ziwani hatujui kupika ugali, tunakoroga uji mgumu. Mama alipougua malaria, Fundi alifunga spana zake akakaa kwenye jiko la Mama ili wateja wasihame. Chapati zake zilikuwa na pembe. Moja ilikuwa na mkia. Watu walinunua kwa huruma na yeye akawatukana waliocheka, "Wewe unakula mviringo ama unakula chapati?" Jioni alimletea Mama pesa zote za mauzo kwenye mfuko, akauacha mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi, halafu asubuhi akamgombeza kwa kuwa na jiko baya.

Hakuwahi kuwa na gari. Kuendesha aliendesha tu kutoka hapo mpaka kwenye bampu la barabarani na kurudi, jasho likimtoka, mikono yote miwili juu ya usukani kama mtu anayekanda unga. Alilala chini ya magari yaliyosimamishwa kwa jeki yenye kutu, lakini wauguzi walipokuja Olympic na meza yao kupima watu damu bure, wakimdunga kila mtu kidoleni, Fundi aliruka mtaro. Mtu mzima. Tulimuona kisigino tu.

"Sindano ni kitu kidogo," Mama alimwambia aliporudi.

"Nati pia ni kitu kidogo."

Aliwaambia madereva kila siku kwamba gari halivunjiki ghafla, linakuambia kwanza, tena linakuambia kwa upole, mpaka usiposikia ndio linapiga kelele. Alisema haya akiwa na chupa ya soda mkononi na nyingine kwenye kivuli ikingoja. Alikuwa na kiu isiyoisha. Alikuwa anaenda choo kila mara, nami nikamwambia awekewe alama barabarani ili tujue zamu yake. Alicheka. Siku moja alitafuta nati ya gurudumu tangu asubuhi, akamshuku kila mtu, akanikagua mimi mifuko, akaninyima salamu. Jioni alipovua buti ndani ya ploti, nati ikaanguka. Alikuwa ametembea nayo ndani ya kiatu siku nzima, chini ya wayo, na ameshuka nayo mpaka Mashimoni. Ploti yote ilicheka. Yeye alicheka kuliko wote. Ile nati ilikuwa kubwa ya kumfanya mtu apige yowe hatua ya kwanza, na mguu wake haukusema neno. Tulikuwa tumesimama hapo watu wote hao, na hakuna aliyeuliza kwa nini hakuihisi.

Sasa niwaambie kuhusu Pasta, kwa sababu gari la Pasta ndilo lililobeba haya yote.

Pasta ana kanisa la mabati Kisumu Ndogo, hapohapo mitaani kwetu, na kagari keupe kakuukuu ka kubebea spika na wazee wa kanisa. Alipokuja kwa Fundi mara ya kwanza alikuwa ameshaliombea gari wiki kadhaa. Alisema lina uzito usio wa kawaida. Kuna kitu kinalirudisha nyuma.

"Kitu gani?" Fundi akauliza.

"Mimi nilifikiri ni vita vya kiroho. Lakini mzee mmoja kanisani anasema breki inashika."

"Breki ikishika, Pasta, ushukuru. Ile haishiki ndiyo inakupeleka kwa bosi wako."

"Nasema inashika hata sijakanyaga."

"Hiyo haishiki. Hiyo inashikilia." Fundi akainuka, maana hapa alikuwa na mahubiri yake. "Kushika ni kazi. Unashika, unaachilia. Kushikilia ni ugonjwa."

Akamtuma azunguke. Pasta akarudi, Fundi akageuza mkono. Kulia, vuguvugu. Kushoto hakugusa hata, alikuwa bado na nafasi ya kidole kati yake na rimu akasema, "Hii hapa inaungua." Akaweka jeki, gurudumu likainuka, akajaribu kulizungusha. Likaenda kidogo kwa shida, kama mlango wa kanisa la Pasta mwenyewe.

Wengine hapo wangeanza kubadilisha kila kitu. Fundi alitaka kujua kwanza ni nani mwenye makosa. Alifungua ile nati ndogo ya kutoa hewa iliyo nyuma ya kalipa, kalipa ikiwa ndiyo mkono wa chuma unaobana diski. Mafuta ya breki yakadondoka. Alieleza huku akifanya, na alinieleza mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa nauliza: paipu ya raba ikioza kwa ndani, inayaruhusu mafuta kwenda lakini hairuhusu yarudi, kwa hivyo breki inabaki imebana. Ukifungua hiyo nati, presha inatoka na gurudumu linalegea mara moja. Hili halikulegea.

"Paipu haina makosa," akasema. "Iacheni iende nyumbani."

Akatoa kalipa, akachomoa pini zake, zile ambazo kalipa huteleza juu yake. Zilikuwa kavu, zina kutu kama misumari ya jeneza la zamani. Pistoni, inayosukuma vile vibao, ilirudi ndani vizuri, raba yake ilikuwa nzima. Alizungusha kidole pande zote akihakikisha haina mpasuko, macho yake akiwa ameyafunga. Pini akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, akapaka grisi yake ya pekee, ile isiyokula raba. Akarudisha. Akasukuma gurudumu kwa kidole, nalo likazunguka, likazunguka, Pasta akilitazama kama mtu anayeona maji yakigawanyika.

"Bwana asifiwe," Pasta akasema.

"Asifiwe. Lakini pini nimepaka mimi."

Kuanzia hapo Pasta hakwenda kwa mwingine. Ndiyo maana ilikuwa yeye, Jumamosi ile.

Alifika asubuhi, anatoka mbali, na safari hii alilalamika upande wa kulia. Hata hakuhitaji kutumwa azunguke. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Nilisikia harufu ya chuma iliyochoka, ile harufu inayokaa kooni. Fundi akainama, akageuza mkono, akagusa.

Akauacha hapo.

Alikuwa anamsimulia Mama kitu, nadhani ni habari ya kuku wa shemeji yake, amegeuza shingo kumtazama, na mkono ameuegemeza palepale. "Hii ni baridi, Pasta," akasema katikati ya hadithi. "Shida iko ile ingine." Akaendelea na kuku. Kisha akanusa hewani.

"Mama Redio, nani anachoma nyama asubuhi hii na hatuiti?"

Mama akacheka, akatazama huku na huku. Pasta naye akanusa. Kwenye jiko letu kulikuwa na chapati peke yake. Mimi nilitazama chini kwenye gurudumu.

Nimefanya mzaha matangani. Nimefanya mzaha mbele ya mwalimu mkuu na mzazi wangu akiwa amekaa hapo. Safari hii niliweka kisu chini.

"Fundi," nikasema.

"Nini?"

"Mkono."

Akautazama. Aliutazama kama kitu ambacho mteja amesahau juu ya gari. Akautoa polepole, na haukutoka wote vizuri. Hakupiga kelele. Mama ndiye aliyepiga. Baadaye Mama aliniambia kwamba hakuogopa kidonda, ameona vidonda vya mafuta moto maisha yake yote. Aliogopa ule ukimya, mtu mwenye mdomo ule kuungua namna ile bila hata kusema uwi.

Fundi akainua mkono karibu na uso wake, akaugeuza. Akatazama rimu.

"Basi ni hii," akasema.

Mama alimwagia maji, Pasta akaanza kuomba kwa sauti, na Fundi akawaambia wote wawili wapunguze. Alisema alikuwa anaangalia kama tuko macho. Alisema jana alibeba betri, pengine asidi ilimtia ganzi. Alipewa kitambaa, akamaliza kazi ya Pasta kwa mkono mwingine, na kila alipohitaji kupima kitu kwa kidole nilimuona anasita, anageuka kuona nani anamtazama. Mimi nilikuwa namtazama.

Jumatatu alikuja na chupa ya maji. Hiyo ndiyo njia ya kupima ambayo miaka yote alikuwa ameidharau: unarusha matone kwenye rimu na kusikiliza kama yatalia. "Maji ni ya mafundi wa simu," alikuwa anasema, akimaanisha wale waliojifunza kwa kutazama video. Sasa alirusha matone, akatega sikio, tsss, akasema, "Hii hapa," kwa sauti yake ya zamani. Wateja walifikiri ni mtindo mpya. Mmoja alimsifu.

Alinikuta kwenye bomba.

"Redio, hii stesheni usifungue."

"Stesheni gani?"

"Wewe unajua."

"Si uende wakuangalie, Fundi. Ni sukari, mwalimu wetu wa bayolojia amesema ukikosa kuhisi..."

"Umemwambia mwalimu?"

"Nimeuliza tu. Sijasema ni nani."

Alijaza chupa yake mpaka ikafurika na hakufunga bomba. "Nikienda huko wataniambia niache kazi," akasema. "Halafu? Nikae kwa mlango nihesabu kuku?" Hapakuwa na kuku Mashimoni. Nilikuwa na jibu la kuchekesha la hilo, nalikumbuka mpaka leo, na sikulisema.

Watu wengi pale Olympic hawakujua jina lake. Hata mimi nililijua siku moja tu kwenye kadi ya hospitali. Alikuwa Fundi. Ukimtoa mkono humtoi kazi tu, unamtoa hata lile jina la kumwita. Nikanyamaza kwa sababu hiyo, na Mama naye akanyamaza, akawa anamwekea madondo mengi na kumficha soda, kama kwamba ugonjwa unaweza kushindwa kwa wizi.

Kidonda hakikupona. Alikifunga kitambaa safi kila asubuhi na kufikia saa sita kilikuwa cheusi.

Kilichommaliza ni raba. Gari la Pasta tena, gurudumu lilelile la kulia, na safari hii kosa lilikuwa kwenye pistoni: ilikuwa na kutu, hairudi ndani. Fundi akaitoa, akaisafisha, akairudisha. Kisha akafunga macho kama kawaida yake na kuzungusha kidole kwenye raba inayoifunika, ile inayozuia vumbi na maji yasiingie. Akazungusha mara moja, akarudia, akasema iko sawa. Wengine tulio na macho tungeangalia. Lakini nani angemwambia Fundi aangalie? Kuangalia kulikuwa ni kwa wale wasiojua kugusa.

Mvua ikanyesha siku kadhaa. Pasta alipokuwa anateremka kuelekea kanisani, breki ya kulia ikabana, ikakataa kuachilia, gari likavuta upande na kupanda kwenye mboga za akina mama. Hakuna aliyeumia. Mwenye nyanya aliruka, Mungu ni mkubwa, na nyanya zikabaki chini ya gari zikionekana kama kitu kingine. Tulikimbia na Mama. Fundi alifika nyuma yetu, anatembea vibaya, anainua miguu juu kama anayepita majini. Aliona ule wekundu kutoka mbali. Niliona uso wake kabla hajajua ni nyanya.

Alitoa gurudumu palepale, watu wakiwa wamemzunguka, wakimtukana. Hakumrudishia mtu hata tusi moja. Alifungua kalipa, na safari hii hakufunga macho. Raba ilikuwa na mpasuko mrefu, wa zamani, wa kuonekana na mtoto. Maji ya mvua yalikuwa yameingia hapo na kutu imerudi juu ya ile aliyoisugua. Alipitisha kidole juu ya mpasuko. Akapitisha tena, taratibu, akitazama kidole chake kinavyopita.

"Ni mimi," akasema.

Pasta akapiga magoti kando yake, suti na zote. Pasta hakuwa na ubaya. Akasema, "Fundi, gari ni kitu tu. Wewe pumzika kidogo."

Nadhani angependelea kutukanwa na mtaa mzima mpaka jioni kuliko kusikia lile neno pumzika.

Hospitali waliona ni sukari, tena ya muda mrefu, na vidole viwili vya ule mkono havikuokolewa. Binti yake anayekaa mtaa wa Kawangware akaja na rafiki zake wakabeba godoro, meza na Fundi mwenyewe. Spana aliziacha chini ya mabati. Mama amezifunga kwenye gunia na kuliweka nyuma ya unga. Fundi mwingine alipotaka nafasi ile, Mama alimwambia mahali pana mtu.

Nilienda Kawangware tulipofunga shule. Mama alinipa omena iliyokaangwa, dagaa wa kwetu ziwani, imefungwa kwa gazeti, na orodha ya maneno ya kusema ambayo niliyasahau kabla ya kufika. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na matusi mapya kabisa, mengine niliyahifadhi muhula mzima.

Alikuwa amekaa kwenye stuli ndani ya mlango, amevaa shati lenye kola. Mikono ilikuwa safi. Sikuwa nimewahi kuona rangi ya mikono yake. Ilikuwa na weupe kuliko uso. Mkono mmoja ulikuwa umefichwa kwenye mapaja.

"Niaje, buda," nikamsalimia mzee kwa lugha ya vijiweni. "Wamekuosha ama umebadilishwa?"

"Karibu, Redio," akasema. "Kaa. Asante kwa kuja."

Asante. Nilikaribia kugeuka nione anaongea na nani.

Nikakaa, nikaanza kuongea, maana ndiyo kazi yangu. Nikamwambia kwamba Pasta amehubiri juu ya nyanya. Nikamwambia Mama anakataa watu nafasi yake, na kwamba kuna mtu alikuja na gari linalolia kama mbuzi na hakuna aliyeweza kulinyamazisha. Niliweka hiyo ya mwisho kama chambo. Alitikisa kichwa. Hakuuliza linalia likikanyagwa breki ama likiachiliwa. Aliuliza kama nimefanya vizuri hesabu.

"Nilikuwa wa kwanza," nikasema, "kutoka nje."

Akatabasamu kwa adabu.

Mbele yake kulikuwa na kikombe cha bati kimejaa chai hadi juu, juu ya kiti kingine. Alikuwa anakitazama, anaacha, anakitazama tena. Nilidhani hataki.

"Binti ananiachia akienda kazi," akasema. "Juzi nilikishika kilikuwa moto. Sikujua mpaka jioni alipoona nimeungua." Alisema hivyo kama anayesoma tangazo. "Kwa hivyo amesema nisishike kikombe mpaka mtu akiguse kwanza. Jirani huwa anapita. Leo nafikiri ameenda sokoni."

Saa hizo jua lilikuwa limeshahama kutoka mlangoni, limepanda ukuta wa ploti. Binti yake hutoka alfajiri.

Fundi alisogeza kichwa karibu kidogo, akashusha sauti, na yule mtu aliyewahi kuruka mtaro mbele ya watu ili asiguswe akaniuliza, "Redio, hiyo chai ni moto?"

Nikanyoosha mkono. Sijui kwa nini niliugeuza, lakini niliugeuza, nikakigusa kwa nyuma ya vidole. Kilikuwa baridi kama sakafu. Kilikuwa baridi tangu zamani sana. Asubuhi nzima alikuwa amekaa na kiu yake mbele ya chai baridi, anangoja mtu.

"Ni moto, Fundi," nikasema. "Moto mbaya. Umefanya vizuri kungoja."

"Nilijua."

"Ngoja nikupoozee."

Nikakiinua kwa ncha za vidole kama kinaniunguza, nikahamisha mkono huu na huu, nikapuliza. Nilipuliza kwa bidii, mashavu yamejaa, nikasimama kupumua, nikapuliza tena. Yeye alinitazama muda wote huo. Halafu nikamwekea kikombe kwenye mkono ule mzima, nikangoja mpaka macho yake yahakikishe kwamba vidole vimekizunguka, ndipo nikaachia.

Akanywa. Ulimi wake haukuwa na kasoro yoyote. Niliona chai ilipofika mdomoni, niliona akisimama kidogo, macho juu ya ukingo wa bati, yananitazama mimi.

"Umeipooza vizuri," akasema, akanywa yote.